Kupanda na Kushuka kwa Baiskeli Kisiwani Mafia

Kisiwa kikuu cha Mafia, mkabala na delta ya Rufiji, kina urefu wa karibu kilomita 50 na upana usiofika 20. Hakina mlima. Ardhi yake ni tambarare ya minazi, mikorosho, mabwawa madogo na mashamba ya mihogo. Anayekitazama kwenye ramani atadhani baiskeli ilitawala hapo tangu siku ya kwanza ilipoteremshwa pwani, lakini mchanga uliichelewesha. Njia nyingi za kisiwa zilikuwa za mchanga laini unaomeza gurudumu jembamba, na historia yote ya baiskeli Mafia, tangu kuingia, kupendwa, kuachwa hadi kurejewa, imefuata hali ya njia na kazi iliyokuwapo kuliko ilivyofuata ladha za watu.

Kwa karne nyingi wakazi wa funguvisiwa hili hawakuwa na haja kubwa ya chombo cha nchi kavu. Miji yao ilielekea baharini. Kisimani Mafia ulikuwa mji wa pwani ya magharibi. Kua, katika kisiwa cha Juani, ulistawi kwa biashara ya majahazi hadi ulipovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye Chole, kisiwa kidogo kati ya Juani na Mafia, kikawa makao ya watawala na matajiri, nao wakawa na mashamba yao ya minazi ng'ambo, katika kisiwa kikubwa. Wajerumani walipokichukua kisiwa mwaka 1890, nao walikaa Chole. Mwenye safari alisubiri upepo na maji. Mwenye mzigo alitafuta mashua. Waliokwenda kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji walifuata vijia ndani ya mashamba, wakiwa na mzigo kichwani au begani kwenye mpiko.

Mambo yalibadilika mwaka 1913, Wajerumani walipohamishia makao yao Kilindoni, pwani ya kusini magharibi, mahali ambapo meli zilitia nanga kwa urahisi zaidi. Uamuzi huo wa kiofisi ulizaa safari ya nchi kavu. Tangu hapo mtu wa Bweni au Kanga, vijiji vya kaskazini, akiwa na shauri la serikali, kesi, kodi au nazi za kuuza, alilazimika kuteremka kisiwa karibu chote. Waingereza walikiteka kisiwa Januari 1915, wakakitumia mwaka huohuo kurushia ndege zilizosaidia kuizamisha manowari ya Königsberg ndani ya delta ya Rufiji, na baada ya vita wakaendelea kukaa Kilindoni. Kwa hiyo Mafia ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo za Afrika Mashariki kuona ndege za kivita zikiruka, huku wengi wa watu wake wakiwa bado wanakwenda kwa miguu.

Baiskeli yenyewe ilikuwa na umri mdogo wakati huo. Umbo lake la leo, la magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, lilitoka Uingereza mwaka 1885 kwa kazi ya John Kemp Starley. Tairi la upepo la John Boyd Dunlop likafuata mwaka 1888. Viwanda vya Uingereza kama Raleigh cha Nottingham vilizisambaza katika makoloni, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaziuza katika maduka ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Huko Mafia, kama kwingineko Tanganyika, waliotangulia kuwa nazo walikuwa watu wa mshahara: karani, mwalimu, bwana shamba, tarishi. Baiskeli ilikuwa alama ya cheo kabla haijawa punda wa mizigo.

Baiskeli ya aina hiyo, ambayo bado inaonekana vijijini, ilitengenezwa kwa kudumu. Fremu yake ni ya chuma kizito, magurudumu yake ni ya inchi 28, breki zake huvutwa kwa fito za chuma badala ya waya, na nyuma ina karia inayobeba gunia. Uzito wake hukaribia kilo 20 kabla haijapakiwa kitu. Haina gia. Kwenye ardhi ngumu inateleza vizuri kwa sababu gurudumu ni kubwa; kwenye mchanga wa Mafia ilimlazimu mwendeshaji kushuka na kuikokota. Wenyeji walijifunza mbinu zao. Walishika ukingo wa njia, penye mizizi ya majani inayofunga mchanga. Walisafiri baada ya mvua, mchanga ukiwa umeshikana. Penye fukwe walingoja maji kupwa, hasa siku za bamvua, maji yanaporudi mbali na kuacha mchanga mgumu. Mwendeshaji wa Mafia alihesabu mwezi kama mvuvi.

Upepo nao ulikuwa na sehemu yake. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka kutoka upande wa kusini, na ndiko anakoelekea mtu wa kaskazini anayekwenda Kilindoni. Aliyetoka Kanga na mzigo wakati wa kusi aliondoka alfajiri, kabla upepo haujaamka, au alijitayarisha kupigana nao zaidi ya kilomita 30. Wakati wa kaskazi hali iligeuka, na taabu ikawa ya kurudi nyumbani.

Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake Kanga mwaka 1965 na kurejea kisiwani mara nyingi kwa takriban miongo minne, alikikuta kisiwa chenye magari machache sana. Uchumi wake ulikuwa nazi. Minazi ilimilikiwa kwa miti, na mwenye miti alihitaji kuzifikisha nazi au mbata kwa mnunuzi. Hapo baiskeli ilipata kazi iliyoipa heshima ya kweli. Nazi hupangwa ndani ya pakacha, kapu linalosukwa papo hapo kwa kuti la mnazi. Mapakacha mawili huning'inizwa pande zote mbili za karia, la tatu huwekwa juu, na mzigo wote hufungwa kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mwendeshaji hupanda akishapata mwendo, kwa sababu baiskeli iliyopakiwa hivyo ikisimama huinua gurudumu la mbele. Penye mchanga hushuka, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma kwenye mzigo, akasukuma. Samaki wakavu, madumu ya maji, kuni, makuti na mgonjwa wa kupelekwa zahanati, vyote vilipita juu ya karia hiyo. Wanawake wengi walipanda nyuma, wamekaa upande. Usukani ulikuwa mali ya wanaume, na jambo hilo limebadilika polepole mno.

Baada ya uhuru serikali ilitaka baiskeli itengenezwe nchini. Kampuni ya taifa ya baiskeli, NABICO, ilizitoa zile zilizoitwa Swala jijini Dar es Salaam, zikashindana na Phoenix za Shanghai na baadaye Hero za India. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya kwanza ya 1980 ilikuwa miaka ya uhaba wa kila kitu: sabuni, sukari, nguo, na tairi pia. Kisiwani uhaba ulikuwa mara mbili, maana kilichokosekana Dar es Salaam kilikosekana Mafia zaidi. Mafundi wa enzi hiyo walishona tairi lililopasuka kwa uzi wa nyavu, wakaweka kipande cha tairi kuukuu ndani ya jipya, na wakachomoa gololi za ekseli moja kutengenezea nyingine. Hakuna aliyezungumzia hamu ya kuendesha. Mwenye baiskeli inayozunguka alikuwa mtu mwenye bahati.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu binafsi, na chini ya Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia Ikulu mwaka uliofuata na kupewa na wananchi jina la Mzee Ruksa, bidhaa zikafurika. Baiskeli mpya za Kichina na Kihindi zilifika hadi maduka ya Kilindoni. Huo ndio wakati baiskeli ilipotoka mikononi mwa wachache ikawa ya kaya ya kawaida. Halmashauri nchini ziliiona kama chanzo cha mapato: mwenye baiskeli alilipia leseni kila mwaka, na asiyekuwa nayo alikimbizana na mgambo barabarani. Ushuru wa namna hiyo ulikwenda pamoja na kodi ya maendeleo na kodi nyingine zenye kero zilizofutwa mwaka 2003. Ni vigumu kuusikitikia.

Nyuma kidogo, katika miaka ile ya uhaba, mbali sana na pwani ya Waswahili, baiskeli ya aina mpya ilikuwa inazaliwa. Vijana wa Marin, kaskazini mwa San Francisco, waliteremka njia za vumbi za mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za matairi manene, na kuanzia 1976 wakafanya mashindano. Joe Breeze alitengeneza fremu ya kwanza mahsusi kwa mchezo huo mwaka 1977. Tom Ritchey akaunda fremu ambazo Gary Fisher na Charlie Kelly waliziuza tangu 1979. Kiwanda cha Specialized kilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1981, na mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki mjini Atlanta. Matairi mapana yenye meno, usukani ulionyooka, gia nyingi na fremu fupi imara: baiskeli hiyo ya mlimani, ambayo wengi Tanzania huiita baiskeli ya gia, ilienea duniani kote, ikachakaa, ikaanza safari ya pili ndani ya makontena ya mitumba.

Ilipofika Mafia ilikuwa imekwisha kuwa mali ya tatu au ya nne. Kinachovutia ni kwamba chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mlima kilikifaa kisiwa kisicho na mlima kuliko baiskeli iliyokitumikia miaka yote. Tairi la inchi mbili, likipunguzwa upepo kidogo, halizami. Hutanuka na kuelea juu ya mchanga. Gia nyepesi humwezesha mtu kukanyaga polepole bila kushuka penye mchanga mzito. Njia ambamo Phoenix ilikokotwa, baiskeli ya gia iliipita ikiwa na mtu wake juu.

Ubaya wake ulikuwa chumvi. Hewa ya pwani hula waya wa gia, hukausha mnyororo, huozesha njiti na kuzifunga springi za fola ya mbele zisicheze tena. Vipuri vya gia havikupatikana kwa urahisi kisiwani, na vilipopatikana bei yake haikulingana na bei ya baiskeli. Fundi alikuwa na jibu moja: kung'oa kibadilishi gia, kuchagua jino moja la katikati, kukata mnyororo hadi urefu wake ukae sawa, na kufunga karia ya chuma juu ya gurudumu la nyuma. Baiskeli iliyotoka kiwandani na gia 18 au 21 ikabaki na moja, ikawa na umbo la California na tabia ya Phoenix. Wapenzi wa mchezo wangelia kuiona. Kwa mbeba nazi ilikuwa bora kuliko zote mbili.

Kisha ikaja pikipiki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu za Kichina na Kihindi zilienea Tanzania nzima, na bodaboda ikawa ajira ya kijana asiye na ajira. Inafaa kukumbuka kwamba bodaboda za kwanza, zile za mpaka wa Busia kati ya Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, zilikuwa baiskeli. Pikipiki ilirithi jina na abiria. Wilaya ya Mafia ilikuwa na watu 46,438 katika sensa ya 2012 na zaidi ya 66,000 mwaka 2022, na wengi wao sasa waliweza kufika Kilindoni asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri. Mgonjwa hakuhitaji tena kufungwa kwenye karia. Barabara ya Kilindoni hadi Utende, kunakovukiwa kwenda Chole, kama kilomita 15, iliwekwa lami katika muongo wa 2010, na mwendo wa vyombo vya moto ukaongezeka. Baiskeli ikasukumwa pembeni, kwenye mchanga uleule iliokuwa imeukimbia.

Kushuka kwa hamu ya baiskeli kunaelezwa mara nyingi kwamba vijana wamekuwa wavivu. Maelezo hayo hayatoshi. Baiskeli ya Mafia ilinyang'anywa kazi. Nazi, bei yake ikiwa imeyumba kwa miaka mingi, zilikwenda kwa pikipiki au gari. Abiria walikwenda kwa bodaboda. Heshima iliyokuwa ya karani mwenye Raleigh ilihamia kwa kijana mwenye pikipiki ya Boxer. Chombo kilichobaki bila mzigo wala abiria kilibaki pia bila sababu ya kutiwa mafuta, na baiskeli isiyotiwa mafuta pwani hufa ndani ya masika moja.

Kisa cha Tom Ritchey kinaonyesha jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Mtengenezaji huyo wa fremu, aliyekuwapo tangu kuzaliwa kwa baiskeli ya mlimani, alifika Rwanda mwaka 2005 akiwa katika kipindi kigumu cha maisha yake. Huko aliwakuta wakulima wakiteremsha mizigo kwenye vilima kwa baiskeli za mbao, na wengine wakisukuma magunia ya kahawa kwenye baiskeli za chuma. Alirudi na ari mpya. Mwaka 2006 alianzisha mradi uliounda baiskeli ndefu za kubebea kahawa, na mwaka huohuo yakafanyika mashindano yaliyoweka baiskeli za mbao na za kisasa mahali pamoja. Kutokana na juhudi hizo ilikua timu ya Rwanda, na mwaka 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Mmoja wa walioufanya mchezo kuwa mchezo alipata hamu yake upya mahali ambapo baiskeli ilikuwa kazi.

Mafia haina mashindano ya namna hiyo, na kurejea kwa baiskeli huko kumekuwa kwa kimya na kwa vipande. Kipande cha kwanza kilitoka baharini. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 na kuwaleta wapiga mbizi katika ghuba ya Chole. Wengine walifuata papa potwe wanaoonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Februari. Mpiga mbizi hashauriwi kupanda ndege mara tu atokapo majini; baada ya siku kadhaa za kuzamia inapendekezwa angoje angalau saa 18, ili gesi iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu. Wageni wengi huja na kuondoka kwa ndege ndogo. Kwa hiyo kila mmoja ana siku moja ya nchi kavu, na siku hiyo imewapa wenyeji biashara ya kukodisha baiskeli za gia na kuongoza safari: kwenye msitu wa Mlola, katika vijiji vya ndani, au kaskazini hadi mnara wa taa wa Rasi Mkumbi. Kibadilishi gia kilichong'olewa jana leo kina thamani, na fundi anayeweza kukirekebisha anatafutwa.

Kipande cha pili kilitoka shuleni. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulijenga shule za kata, na wanafunzi waliokuwa wanaishia darasa la saba wakajikuta na kilomita kadhaa za kwenda na kurudi kila siku. Nauli ya bodaboda kila siku haiwezekani kwa kaya nyingi. Baiskeli hununuliwa mara moja. Hapo wasichana nao wameshika usukani, jambo ambalo mabibi zao waliliona kwa wachache.

Cha tatu ni petroli. Mwaka 2022 bei yake Tanzania ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na mafuta ya Mafia lazima yavushwe bahari kwanza. Safari ya kilomita tatu kwenda gengeni au diko la samaki, iliyokuwa ya bodaboda bila kufikiri, ikaanza kuhesabiwa upya. Watu waliorudi kwenye baiskeli kwa sababu hiyo hawakurudi na safari ya Kanga hadi Kilindoni. Walirudi na safari fupi yenye shughuli mwishoni mwake. Waendesha baiskeli wa michezo duniani hushauriana vivyo hivyo mtu anapoichoka baiskeli yake: apunguze mwendo na umbali, abadili njia, awe na mahali pa kufika. Wa Mafia hawakuhitaji kushauriwa.

Visiwani Chole na Juani hamna magari kabisa. Baiskeli huvushwa kwa mashua kutoka Utende, imelazwa juu ya mizigo mingine, na ikishafika hutumika hadi iishe. Njia za huko ni nyembamba, zimepita chini ya miembe na mibuyu, na mwendo wa mguu au wa gurudumu moja nyuma ya jingine ndio unaozitosha.

Bado mambo mawili yanaamua kama kurejea huku kutadumu. La kwanza ni vipuri. Kivuko cha MV Kilindoni kati ya Nyamisati na Kilindoni kimepunguza taabu ya kuleta bidhaa iliyokuwa ya majahazi na boti za hatari, lakini mnyororo wa gia, waya na njiti za kipimo sahihi bado ni vya kuagiza Dar es Salaam. La pili ni barabara. Ile ya kaskazini, zaidi ya kilomita 50 kutoka Kilindoni hadi Rasi Mkumbi, imekuwa ya mchanga na changarawe kwa muda mrefu, na wakazi wamekuwa wakidai lami. Wanastahili kuipata. Watakaoichora waache ukingo mpana, uliofungwa vizuri, pande zote mbili, ili mwanafunzi wa Kirongwe na mzee mwenye pakacha la nazi wasirudishwe tena mchangani.